True Blood, Lovecraft Country au Interview with the Vampire: uanze na ipi ukitaka siasa ndani ya hadithi za kutisha?

Mtu anayetafuta tamthilia ya wanyonya damu na uchawi ambayo ndani yake mna siasa pia, yaani rangi, utumwa, mapenzi yanayokatazwa na haki za walio wachache, aghalabu hutajiwa majina matatu ya Kimarekani: True Blood, iliyoonyeshwa na HBO kuanzia Septemba 2008 hadi Agosti 2014, Lovecraft Country, ya HBO vilevile, iliyotoka mwaka 2020 na kuishia msimu mmoja, na Interview with the Vampire, ambayo AMC iliianza Oktoba 2022. Hutajwa pamoja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipozitazama kwa kufuatana nikaona kwamba zinaachana katika jambo la msingi kabisa: ndani ya hadithi, meno amepewa nani? Katika True Blood zimwi limewekwa mahali pa mnyonge. Katika Lovecraft Country zimwi liko upande wa mwenye nguvu, na mara nyingi huyo mwenye nguvu anatisha kuliko zimwi lenyewe. Katika Interview with the Vampire mnyonge mwenyewe, na jina lake na ukoo wake na rangi yake, ndiye anayegeuzwa kuwa zimwi, kisha tunatazama kama meno hayo yatamwondolea unyonge.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufundishwa kwamba habari za damu zinaweza kuwa habari za utawala. Neno mumiani, ambalo kwa wazee wa pwani lilikuwa jina la dawa nyeusi iliyosemekana kutengenezwa kwa damu ya binadamu, lilikuja kuwa jina la wale waliodhaniwa kuwakamata watu usiku na kuwafyonza, na enzi za ukoloni hofu hiyo iliwaangukia wazungu na watumishi wao, hasa wazimamoto wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Hakuna aliyesimulia mumiani akimaanisha kwamba mumiani ni jirani mnyonge anayeonewa. Mumiani alikuwa mwenye gari, mwenye cheo, mwenye ruhusa ya kutembea usiku. Ninalitaja hili mapema kwa sababu linaeleza kwa nini mtazamaji wa kwetu anaweza kuielewa Lovecraft Country papo hapo na kubaki akikuna kichwa mbele ya True Blood, ambayo kwa Wamarekani wengi wa wakati wake ndiyo iliyoonekana kusomeka kwa urahisi.

Dunia ya True Blood, iliyobuniwa kwa ajili ya televisheni na Alan Ball kutokana na riwaya za Charlaine Harris, imesimama juu ya wazo moja jepesi. Wanasayansi wa Japani wametengeneza damu ya maabara, inauzwa kwenye chupa kama bia, na kwa kuwa wanyonya damu hawalazimiki tena kuua ili wale, wamejitokeza hadharani na kudai uraia kamili. Wana chama chao cha kutetea haki, wana msemaji nadhifu anayebishana na wachungaji kwenye televisheni, na bungeni kuna pendekezo la kubadili katiba kwa ajili yao. Katika picha za utangulizi, zinazorudiwa kila sehemu, linapita bango la barabarani linalosema kwamba Mungu anayachukia meno ya wanyonya damu. Kwa Kiingereza neno la meno hayo limepishana kidogo tu na tusi wanalotupiwa mashoga, na bango lenyewe ni mwigo wa mabango halisi ya kikundi kimoja cha kidini cha Kansas. Tamthilia ilipokuwa na miezi miwili tu hewani, Novemba 2008, wapiga kura wa California walipitisha marekebisho ya kuzuia ndoa za jinsia moja katika jimbo lao. Mtazamaji wa siku hizo hakuhitaji mkalimani.

Ugumu unaanza pale istiara hiyo inapokutana na hadithi yenyewe. Wanyonya damu wa Bon Temps, mji wa kubuni huko Louisiana, wanaua kweli. Wanawatia watu usingizi wa macho, wanawafanya watumwa wa damu, na viongozi wao wanawadharau binadamu kama mifugo. Mchungaji anayehubiri kwamba majirani hao ni hatari anawasingizia watu halisi ambao hadithi inawawakilisha, lakini ndani ya Bon Temps anasema kweli. Ukilinganisha kundi la watu wanaoonewa bila kosa na kundi la viumbe wenye miaka mia kadhaa ya mauaji, umewapa wanaolionea ushahidi ambao kamwe hawakuwa nao. Udhaifu huu haukutokana na uzembe wa sehemu moja wala msimu mmoja. Umo katika msingi wa nyumba, na nadhani watayarishaji waliuona, kwa sababu kadiri misimu ilivyoendelea walizidi kuukwepa kwa kuongeza wachawi, mbwa mwitu na viumbe wa kila namna, mpaka siasa ikabaki kama chumvi iliyosahauliwa chunguni. Msimu wa 6 unajaribu kuirudisha kwa gavana anayewafungia wanyonya damu kambini na kwa virusi vilivyotengenezwa ili kuwaua. Umechelewa.

Kuna jambo la pili, nalo ni mpenzi mkuu wa hadithi. Bill Compton, mnyonya damu anayependana na Sookie, mhusika mkuu, alikuwa askari wa jeshi la Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yaani upande uliopigania kubaki na utumwa. Mapema katika msimu wa kwanza amekaribishwa sebuleni kwa bibi yake Sookie, ameketi kwa adabu zake za kizamani, na Tara, rafiki mweusi wa Sookie, anamkatisha kwa swali moja: je, uliwahi kumiliki watumwa? Bill anajibu kwamba yeye hakuwahi, ila baba yake alikuwa nao: mwanamke wa kazi za ndani ambaye hata jina lake halikumbuki, na kijana mwenye nguvu wa kazi za uwanjani. Bibi anafurahi. Anasema hayo ndiyo hasa mambo ambayo chama chake cha historia kingependa kuyasikia. Kamera inakaa kidogo kwenye uso wa Tara, kisha mazungumzo yanaendelea kana kwamba ametajwa mjomba aliyefuga mbuzi. Ni tukio lililoandikwa kwa werevu mkubwa, kwa kuwa linaonyesha namna ukarimu wa sebuleni unavyoweza kulifunika kaburi. Lakini baada ya hapo tamthilia yenyewe inafanya alichofanya bibi. Inaendelea na mapenzi.

Kilichoiokoa True Blood katika uwakilishi ni watu, si istiara. Lafayette, mpishi wa baa ya Merlotte's, aliyeigizwa na marehemu Nelsan Ellis, ni mwanamume mweusi anayependa wanaume, anapaka rangi machoni, na anabeba magunia yake mwenyewe. Katika riwaya anauawa mapema. Kwenye televisheni alibaki mpaka mwisho, na ni rahisi kuona sababu. Katika sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza, wateja fulani wazungu wanairudisha sahani ya baga wakidai kwamba ina UKIMWI kwa kuwa ameipika yeye. Lafayette anavua hereni, moja baada ya nyingine, anatoka jikoni taratibu, anauliza ni nani aliyeagiza, anawaambia kwamba watu kama yeye wamewalea ng'ombe wao na kuwapikia bia yao tangu zamani, kisha anaulamba mkate na kumbandika nao mmoja wao usoni. Tukio lote ni la dakika chache, halina meno marefu wala uchawi, na linasema mengi kuliko hotuba zote za chama cha wanyonya damu. Tara naye, ambaye katika vitabu ni mzungu, aligeuzwa kuwa mweusi kwa ajili ya Rutina Wesley, hatua iliyoongeza uzito wa hadithi mwanzoni. Lakini kuanzia msimu wa 3 kila baya linamwangukia yeye, kutekwa, kufungwa, kupigwa risasi, na anapoondolewa mwanzoni mwa msimu wa 7, anauawa nje ya kamera. Anayetazama kwa ajili ya uwakilishi ajiandae kwa hasira hiyo.

Interview with the Vampire imetoka Louisiana hiyohiyo na ilikuwa na mtego uleule mbele yake. Katika riwaya ya Anne Rice ya mwaka 1976, Louis ni mzungu mwenye shamba na watumwa karibu na New Orleans, anayegeuzwa mnyonya damu mwaka 1791, na msomaji anatakiwa amwonee huruma kwa huzuni zake. Mbunifu wa tamthilia, Rolin Jones, hakuusafisha utumwa huo kwa maneno matamu wala hakuuacha ukae pembeni ya chai. Aliihamisha hadithi nzima hadi mwaka 1910 na kumfanya Louis, anayeigizwa na Jacob Anderson, kuwa Mkrioli mweusi mwenye familia ya heshima iliyofilisika, anayeendesha danguro huko Storyville, mtaa halisi wa New Orleans ambako biashara hiyo iliruhusiwa kuanzia 1897 hadi 1917. Tarehe moja ikibadilishwa, kila kitu kinabadilika: pesa zake, hasira yake, kanisa la mama yake, na namna anavyomtazama Lestat, Mfaransa mweupe anayemtongoza kwa ahadi ya nguvu zisizo na mipaka.

Ahadi hiyo ndiyo siasa ya tamthilia, na inajaribiwa mapema. Katika sehemu ya 2 wanakwenda pamoja kutazama opera. Louis sasa anaweza kumuua mtu yeyote ukumbini kabla pazia halijafunguka, anaisikia mioyo ya watu ikidunda safu tano mbele yake. Na bado, ili aruhusiwe kuingia mahali pa wazungu, inabidi ajifanye mtumishi wa Lestat. Amepewa umilele, hakupewa kiti. Lestat analiona hilo kama kero ndogo ya binadamu ambayo itapita baada ya miaka mia moja au mia mbili, na ni katika pengo hilo, kati ya anayeweza kungoja karne ipite na anayetukanwa usiku wa leo, ndipo mapenzi yao yanapoanza kuoza. Hapa hakuna istiara ya kufasiri. Rangi ni rangi, na mapenzi ya wanaume wawili ni mapenzi ya wanaume wawili, yameandikwa waziwazi kama ndoa, pamoja na ugomvi wa ndoa na kipigo cha ndoa. Sehemu ya 5 ya msimu wa kwanza ina ukatili wa nyumbani ambao wengine hawataweza kuutazama hadi mwisho, na wapo waliolalamika kwamba mwanamume mweusi ameharibiwa mwili na mpenzi wake mzungu mbele ya kamera. Malalamiko hayo yana haki yake. Ninachoweza kusema ni kwamba tamthilia haikusahau. Msimu wa 2 unalirudia tukio hilohilo kwa masimulizi tofauti na kutulazimisha tuulize nani alilisimulia mara ya kwanza, na kwa faida ya nani.

Maana hadithi yote ni mahojiano. Mwandishi wa habari aliyezeeka, Daniel Molloy, amerudi mwaka 2022 kumhoji Louis katika jumba la ghorofani huko Dubai, baada ya mahojiano yao ya 1973 kuharibika, na anafanya kazi yake kama hakimu mkorofi: anakatiza, anachokoa, anashika kauli mbili zisizopatana. Dubai yenyewe haikuchaguliwa ovyo. Watumishi wanapita kimya wakileta sahani na damu, ndani ya kioo na marumaru, na yule aliyewahi kujifanya mtumishi kwenye opera sasa ni bwana mwenye nyumba. Tamthilia hailisemi hilo kwa mdomo. Atakayekuwa na ndugu aliyekwenda kufanya kazi za ndani Ghuba ataliona bila kuambiwa.

Msimu wa 2 unahamia Paris baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na hapo Claudia, binti mweusi aliyegeuzwa akiwa na miaka 14 na asiyeweza kukua tena, anavalishwa gauni la kitoto na kuigizishwa mtoto jukwaani usiku baada ya usiku na kundi la wanyonya damu, wengi wao wazungu, wanaoiita hiyo sanaa. Anayependa kujua kama mwili wa msichana mweusi unaweza kuwa mada ya siasa bila hotuba hata moja aanzie hapo. Armand, kiongozi wa kundi hilo, katika riwaya alitoka Ulaya Mashariki. Hapa amezaliwa Delhi na kuuzwa utumwani angali mtoto, na mazungumzo yake na Louis, kati ya wawili ambao historia zao za kumilikiwa hazifanani, ni ya kiwango ambacho True Blood haikukifikia.

Lovecraft Country ni kitu kingine, na sina budi kuisifu na kuilaumu kwa pumzi moja. Misha Green aliijenga kutokana na riwaya ya Matt Ruff ya mwaka 2016, juu ya dhihaka nzito: H. P. Lovecraft, bwana wa hadithi za mazimwi ya kale, alikuwa mbaguzi wa rangi asiyejificha, na hapa wahusika weusi wa miaka ya 1950 wanaingizwa ndani ya aina ileile ya hadithi ambamo yeye asingewapa nafasi. Katika sehemu ya kwanza, Atticus, mjomba wake George na Leti wanasafiri kwa gari kumtafuta baba yake Atticus aliyetoweka, kazi ya George ikiwa ni kuchapisha mwongozo wa barabara na hoteli ambazo ni salama kwa msafiri mweusi. Sherifu anawakuta msituni na kuwaeleza kwamba wilaya yake hairuhusu mweusi kuonekana baada ya jua kuzama. Jua linakaribia kuzama. Wanaondoka kuelekea mpaka wa wilaya wakiwa wamebanwa na mwendo unaoruhusiwa kisheria, kwa sababu wakiuzidi atapata sababu ya kuwakamata, huku gari lake likiwagusa kwa nyuma na mwanga ukipungua kwenye miti. Mazimwi yenye macho mengi yanatokea baadaye usiku huo, na nakiri kwamba yalipotokea nilipumua.

Tamthilia hii ina uwezo wa namna hiyo mara nyingi. Leti ananunua nyumba katika mtaa wa wazungu huko Chicago, na majirani wanafunga matofali kwenye honi za magari yao ili zilie usiku na mchana; anatoka na gongo la besiboli kuyavunja. Ruby, dada yake, anapewa dawa ya kumgeuza mzungu kwa saa chache, na akiwa katika ngozi hiyo anapata papo hapo, tena kwa cheo cha juu, kazi katika duka kubwa aliloota kuajiriwa kwa miaka. Katika sehemu ya 3 watoto wanacheza na ubao wa kuulizia mizimu, na kijana mmoja waliyezoea kumwita Bobo anauliza kama safari yake itakuwa nzuri. Ubao unajibu hapana, na mtazamaji asiyejua historia anapita bila kushtuka mpaka sehemu ya 8, inapofika siku ya mazishi ya Emmett Till, ndiye Bobo huyo, kijana wa miaka 14 aliyeuawa Mississippi mwaka 1955. Sehemu ya 9 inarudi Tulsa mwaka 1921, usiku ambao mtaa wa weusi wa Greenwood ulichomwa moto na wazungu.

Lawama zake ni mbili. Ya kwanza ni mpangilio: sehemu 10 zimejazwa uchawi, kusafiri katika wakati, mizimu ya nyumba, Korea na sayari nyingine, na uzi mkuu unapotea kila baada ya saa moja. Ya pili ni nzito zaidi. Katika sehemu ya 4 anatokea Yahima, mtu wa asili ya Waarawak mwenye jinsia mbili, ambaye anaamshwa, anatoa anachohitajika kutoa, na anauawa na Montrose, baba yake Atticus, kabla hatujamjua. Misha Green mwenyewe alikiri baadaye kwamba alishindwa katika hilo. Tamthilia iliyokuja kurekebisha hesabu za waliosahaulika ilimtumia mmoja wao kama ufunguo wa mlango na kumtupa. Julai 2021 HBO ilitangaza kwamba hakutakuwa na msimu wa 2, kwa hiyo hakuna mahali pa kulirekebisha.

Sasa kuhusu uchaguzi wenyewe. Mwenye wiki mbili za jioni na hamu ya siasa iliyofikiriwa hadi mwisho achukue Interview with the Vampire, misimu yake miwili ya kwanza ambayo jumla ni sehemu 15, na asiache kabla ya kufika Paris. Mwalimu, mwanafunzi au mtu yeyote anayetaka mlango wa kuingilia historia ya Wamarekani weusi atafaidika zaidi na Lovecraft Country, hata kama ataangalia sehemu ya 1, 3, 5 na 9 peke yake. True Blood, yenye misimu 7 na sehemu 80, inamfaa anayetaka kundi la kutazama nalo na kubishana nalo, mwenye uvumilivu wa kucheka pale siasa inapoteleza. Nami ningemshauri aishie msimu wa 3 bila kuona haya. Anayetafuta kwanza kabisa mhusika anayependa jinsia yake, aliyeandikwa kama mtu kamili, ana Lafayette upande mmoja na Louis upande wa pili, na kati ya hao wawili siwezi kumchagulia.

Zote tatu zina damu nyingi, uchi na lugha chafu, kwa hiyo si za kutazamwa sebuleni pamoja na wazee au watoto, na True Blood ndiyo iliyozidi. Kiingereza cha Lafayette na cha mama yake Tara ni cha Louisiana na kinakwenda mbio, hivyo washa manukuu tangu mwanzo hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Kama jioni ni moja tu na bado huna uhakika, tazama sehemu ya 2 ya Interview with the Vampire hadi pale Louis anapomfuata Lestat ukumbini hatua moja nyuma.